Hospitali Isizae Maradhi

Mwananchi anapompeleka mgonjwa wake hospitali huenda na imani kwamba pale ni mahali pa kuondolea maradhi. Imani hiyo ndiyo nguzo ya huduma zote za afya. Bila hiyo dawa haimezwi, mama mjamzito hatoki kijijini kwenda kujifungua, na mtoto haletwi kuchanjwa. Lakini kila hospitali ina milango miwili. Kwa mlango wa mbele hutoka watu waliopona. Kwa mlango wa nyuma hutoka sindano zilizotumika, bandeji zenye damu, mabaki ya dawa, maji machafu na moshi. Taifa linaloujali mlango wa mbele peke yake linajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mkono wa pili, kwani kinachotoka nyuma bila uangalizi hurudi mbele kikiwa kimebebwa na mgonjwa mpya.

Jambo hili si dogo, wala si la kuwaachia wafagiaji. Hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ni sawa na mji. Ina jiko linalolisha mamia ya watu, ina dobi, maabara, vyumba vya upasuaji, bohari na jenereta. Watu huingia na kutoka usiku na mchana. Mji wa namna hiyo hauwezi kukosa taka. Kinachotakiwa kuulizwa ni kama taka hizo zinatawaliwa na binadamu, au zinamtawala yeye.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, katika kila kilo 100 za taka za hospitali, kilo 85 hivi ni taka za kawaida kama zile za nyumbani na ofisini: karatasi, maboksi, maganda ya matunda, mabaki ya chakula. Ni kilo 15 tu ambazo zina hatari, yaani zinaweza kuambukiza, kuchoma, kudhuru kwa sumu au kwa mionzi. Hesabu hii ingepaswa kubandikwa katika kila wodi. Maana yake ni kwamba tatizo la taka za hospitali, kwa asili yake, ni dogo. Hukuzwa na uzembe. Sindano moja ikitupwa ndani ya pipa la maganda ya ndizi, pipa zima limekuwa la hatari. Na zile kilo 85 ambazo zingeweza kwenda shambani kuwa mbolea au kiwandani kuwa karatasi mpya sasa hazina budi kushughulikiwa kama sumu. Kazi ya kilo 15 imekuwa kazi ya kilo 100, na gharama zimepanda kwa kiasi hicho hicho.

Shirika hilo linakadiria kuwa katika nchi zenye kipato kidogo kila kitanda cha hospitali hutoa wastani wa kilo 0.2 za taka za hatari kwa siku. Hospitali yenye vitanda 1,000 basi ingekuwa na kilo 200 za kushughulikia kila siku, ambazo kwa mwaka ni tani 73. Huo ni mzigo unaobebeka. Lakini Shirika lenyewe linaonya kwamba katika nchi hizo taka za hatari mara nyingi hazitengwi na zile za kawaida, kwa hiyo mzigo halisi huwa mkubwa zaidi.

Wanaoumia kwanza si wakubwa. Ni mhudumu wa usafi anayebeba mfuko begani asijue kilichomo, dereva wa gari la taka, na maskini anayechakura jalalani akitafuta chupa za kuuza. Mtu akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, uwezekano wa kuambukizwa hufikia asilimia 30. Kwa homa ya ini aina ya C ni asilimia 1.8, na kwa virusi vya UKIMWI ni asilimia 0.3. Mhudumu anayelipwa mshahara wa chini kuliko wote katika hospitali ndiye anayewekwa karibu zaidi na hatari hiyo, na mara nyingi ndiye wa mwisho kupewa glovu nene, viatu vya buti na chanjo. Hapo kuna dhuluma ambayo haiwezi kufichwa kwa maneno ya kitaalamu.

Zipo hospitali ambazo zimeona ufumbuzi uko katika moto. Kote Afrika Mashariki, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, yalijengwa matanuru madogo ya matofali kwa ajili ya kuchomea sindano na taka nyingine. Yalikuwa nafuu, na yaliondoa hatari ya sindano kuzagaa. Lakini moto una masharti yake. Tanuru lisilofikia joto la nyuzi 850 na zaidi, lisilo na bomba refu la moshi, au linalojazwa taka mbichi na plastiki bila mpangilio, haliondoi sumu bali huibadili sura. Plastiki zenye klorini zikiungua vibaya hutoa sumu ya dayoksini, ambayo hukaa muda mrefu katika udongo na katika mafuta ya wanyama, na hatimaye humfikia binadamu katika maziwa na nyama. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliyataja waziwazi matanuru ya taka za hospitali kuwa miongoni mwa vyanzo vya sumu hiyo. Moshi mweusi unaopita juu ya nyumba za jirani na hospitali si dalili ya usafi, hata kidogo.

Hali ni hiyo hiyo kwa zebaki. Kwa miaka mingi kipimajoto cha kioo na kipimo cha shinikizo la damu chenye mstari wa zebaki vilikuwa alama ya utabibu. Kipimajoto kikivunjika, zebaki hutawanyika sakafuni na kugeuka hewa inayovutwa na muuguzi na mgonjwa pamoja. Ikioshwa huingia mtaroni, na kutoka mtaroni huingia kwa samaki. Watu wa mji wa Minamata nchini Japani, ambako maradhi yaliyoletwa na zebaki ya kiwandani yalitambuliwa rasmi mwaka 1956, walilipa kwa viungo vyao na maisha ya watoto wao ili dunia ijifunze. Mkataba uliopewa jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, na uliuweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kufanya biashara ya vipimo vya namna hiyo, isipokuwa kwa nchi zilizoomba nyongeza ya muda. Hospitali ambayo bado ina vipimo hivyo kabatini haina budi kuvikusanya, kuvihifadhi mahali salama na kuvisalimisha kwa utaratibu. Kuvitupa jalalani ni kuhamisha balaa tu.

Watasema wengine kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Watauliza: pale ambapo dawa zenyewe hazitoshi, na wagonjwa wawili hulala kitanda kimoja, nani ana nafasi ya kuhesabu mapipa ya taka? Hoja hiyo ina uzito na inastahili jibu lenye mfano.

Hospitali ya Bir iko katikati ya mji wa Kathmandu, nchini Nepal. Ilianzishwa mwaka 1889, na ndiyo hospitali kongwe ya serikali katika nchi hiyo ambayo ni miongoni mwa nchi maskini za Asia. Kama hospitali nyingi za umma duniani, ilikuwa na wagonjwa wengi, fedha chache, na taka za kila aina zilizochanganywa pamoja. Mwaka 2010 ilianza kazi ya kujisafisha. Haikuanza kwa kununua mtambo mkubwa. Ilianza kwa wodi ya mfano, kwa kuwafundisha madaktari, wauguzi na wahudumu namna ya kutenga taka pale pale zinapozaliwa, kando ya kitanda cha mgonjwa. Sindano hukatwa mara baada ya kutumika. Taka zenye maambukizo hupelekwa kwenye mitambo ya mvuke wa moto, ambao huua vijidudu bila moshi wala majivu. Zikisha kutakaswa hivyo, plastiki, vioo na chuma huuzwa kwa wenye viwanda, na fedha zake hurudi hospitali. Mabaki ya chakula hugeuzwa kuwa biogesi na mbolea. Vipimo vya zebaki vilibadilishwa. Utaratibu ulipokomaa katika wodi ya mfano ndipo ulipoenezwa kwingine.

Kilichowawezesha watu wa Bir hakikuwa utajiri, bali ni mpangilio wa kazi: kwanza mtu, kisha desturi, na mashine mwisho. Mahali pengi mpangilio huo hupinduliwa. Mtambo hununuliwa au hupokewa kwa msaada, hufunguliwa kwa sherehe na utepe hukatwa. Baada ya miezi kadhaa kipuri kimoja kinakosekana, fundi hajulikani aliko, na mtambo unageuka pahala pa kuatamia kuku. Wakati huo huo wodini sindano bado zinatupwa pamoja na maganda, kwa sababu hakuna aliyefundishwa. Mashine haitengi taka. Binadamu ndiye anayetenga.

Tanzania, kwa bahati, haianzi na mikono mitupu. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kwa njia ya redio, vitabu na vikundi vya kusoma ilikadiriwa kuwafikia watu wapatao milioni mbili. Wananchi walijifunza kwa pamoja, kisha wakatoka wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi ya mbu. Hakuna mtambo ulioagizwa ng'ambo kwa kazi ile. Kilichotumika kilikuwa elimu, na viongozi wa vikundi walioaminiwa na watu wao. Kilichowezekana vijijini mwaka ule hakiwezi kuwa kigumu ndani ya ukuta wa hospitali moja yenye wasomi tele.

Sheria nazo hazikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka wajibu wa kila taasisi katika kushughulikia taka zake. Hata kabla ya sheria hiyo Mahakama Kuu ilikwisha kulisemea jambo hili. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kuwatupia taka katika makazi yao na kuzichoma. Na Halmashauri ilipoendelea kuomba muda zaidi, Mahakama mwaka 1991 ilikataa, ikikumbusha kwamba haki ya kuishi imo ndani ya Katiba na kwamba chombo cha umma hakiwezi kuomba ruhusa ya kuhatarisha maisha ya umma. Funzo hilo linaihusu hospitali kuliko taasisi nyingine yoyote, kwani hospitali imejengwa kwa ajili ya haki hiyo hiyo.

Matendo ya karibuni pia yanaonyesha kwamba nia ikiwepo njia hupatikana. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na soko halikufungwa. Tanzania, pamoja na Ghana, Madagaska na Zambia, ilishiriki katika mradi wa Umoja wa Mataifa ulioanza mwaka 2016 wa kuzipatia hospitali mitambo isiyotumia moto na vipimo visivyo na zebaki. Mwaka 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilikwisha kuagizwa ziache kuni na mkaa. Jiko la hospitali kubwa linahusika moja kwa moja. Hospitali inayotibu vifua vya akina mama walioathirika kwa moshi, huku wapishi wake wenyewe wakikohoa kwa moshi huo huo, inajikana yenyewe.

Katika suala la umeme napo busara inatakiwa. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani na wenzake ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba karibu watu bilioni moja katika nchi zenye kipato cha chini na cha chini ya wastani huhudumiwa na vituo vya afya visivyo na umeme kabisa au vyenye umeme usioaminika. Mwanga wa jua ni hazina ambayo haitozwi ushuru bandarini, na kila lita ya dizeli inayookolewa ni fedha ya dawa. Lakini vioo vya jua juu ya paa bila fungu la kununua betri mpya baada ya miaka michache ni mapambo tu. Uingereza mwaka 2020 iliahidi kwamba huduma zake za afya zitafikia kutoichafua hewa kwa gesi zake zenyewe ifikapo mwaka 2040, na Scotland mwaka 2023 iliacha kutumia desflurane, dawa ya usingizi ambayo gesi yake hulipasha joto anga mara elfu kadhaa kuliko hewa ya ukaa. Nchi hizo zina deni kubwa zaidi, na ni haki zilipe kwanza. Hospitali ya Tanzania haina sababu ya kuiga ahadi za wengine. Inayo sababu yake mwenyewe, nayo ni kuacha kupoteza kilicho kichache.

Upotevu huo mara nyingi huanzia katika ofisi ya ununuzi. Kila kinachonunuliwa leo ni taka ya kesho, na afisa anayesaini hati ya zabuni ndiye anayeamua taka hiyo itakuwa ya namna gani. Akinunua dawa kupita mahitaji, atakuja kuziteketeza zikiwa zimeisha muda. Akipokea kila msaada bila kuuliza, ameligeuza taifa kuwa jalala la wafadhili. Katika vita vya Bosnia, baina ya mwaka 1992 na 1996, ilikadiriwa kwamba tani 17,000 za dawa zilizoletwa kama msaada hazikufaa kutumika. Nchi iliyokuwa ikizika watu wake ikaongezewa kazi ya kuziondoa dawa za wengine. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 1996 inataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja wa matumizi zinapofika nchini. Mtumishi wa umma anayekataa kwa adabu msaada usiofaa anaitumikia nchi yake vizuri zaidi kuliko yule anayepiga picha ya kuupokea.

Kwa hiyo wajibu unaeleweka na unagawanyika. Wakurugenzi wa hospitali na waganga wafawidhi hawana budi kuhakikisha kwamba utunzaji wa taka una fungu lake katika matumizi ya kawaida ya kila mwaka: mifuko, masanduku ya sindano, vipuri, mshahara wa fundi. Mradi hufika mwisho, lakini taka hazifiki mwisho. Kila wodi iwe na mtu anayejulikana kwa jina, mwenye kuulizwa. Taka zipimwe kwa mizani na hesabu zake zisomwe katika kikao pamoja na hesabu za dawa, kwa sababu kisichopimwa hakisimamiwi. Wahudumu wa usafi, hata wale walioajiriwa na makampuni ya zabuni, wapewe chanjo ya homa ya ini, vifaa vya kujikinga na mafunzo kabla ya siku yao ya kwanza kazini. Na sharti hilo liandikwe ndani ya mkataba.

Zaidi ya yote, madaktari na wauguzi wakubwa hawana budi kuwa wa kwanza kutenga taka. Hapa ndipo mambo mengi hufa. Daktari bingwa anayemaliza kazi na kuacha sindano juu ya trei, kwa imani kwamba atatokea mtu mdogo wa kuiondoa, amefundisha wodi nzima kwamba usafi ni kazi ya wanyonge. Mwanafunzi wake ataiga, na muuguzi ataiga. Sekunde mbili za mkono wa daktari zingeweza kumwokoa mhudumu na maradhi ya maisha. Hakuna cheo kinachomzuia mtu kuweka sindano ndani ya sanduku lake.

Walimu nao wana sehemu yao, tena kubwa. Vyuo vya uuguzi na utabibu viifanye kazi ya kutenga taka kuwa jambo la kutahiniwa kwa vitendo, si sura moja ya kitabu inayorukwa mwishoni mwa muhula. Shule za msingi na sekondari hazihitaji hospitali ili kuanza. Pipa la maganda, pipa la karatasi na pipa la plastiki katika uwanja wa shule yanatosha. Mtoto aliyezoea tangu darasa la tatu kuuliza kitu hiki kinakwenda wapi hatakuwa na taabu akiwa muuguzi. Samaki mkunje angali mbichi.

Jamaa wa wagonjwa pia wasijione wageni. Chakula kinacholetwa kimefungwa kwa plastiki tatu, chupa zinazoachwa chini ya vitanda, bomba la maji linaloachwa wazi, vyote hivyo huongeza mzigo ambao hatimaye hulipwa na wao wenyewe. Hospitali ya umma ni mali ya umma, na mwenye mali hujulikana kwa kuitunza.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kila muuguzi huwaambia hivyo wagonjwa wake, na wagonjwa wamelisikia neno hilo mpaka limechakaa. Sasa ni zamu ya hospitali zenyewe kulitii. Hazitakiwi kungoja mfadhili, wala mtambo mpya, wala waraka mwingine kutoka makao makuu. Wodi moja ikianza wiki hii kutenga taka zake vizuri, wodi ya pili itakuwa na mahali pa kujifunzia wiki ijayo. Hatua hiyo haihitaji fedha nyingi, nayo ndiyo itakayoonyesha nani miongoni mwa viongozi wa hospitali alikuwa akisubiri uwezo, na nani alikuwa akisubiri visingizio.